ASALI IPIMWE KABLA HAIJAPAKWA

Katika kambi nyingi za jeshi na za polisi humu nchini Uganda, chini ya kitanda cha askari, kando ya sanduku lake la chuma, haikosi chupa ya asali. Pengine mwenyewe aliletewa na mama yake kutoka Kitgum au Yumbe. Pengine aliinunua kando ya barabara alipokuwa akirudi kutoka likizo. Nyingine huliwa kwa mkate, na nyingine hupakwa. Hupakwa mkono uliounguzwa na moto wa jikoni, hupakwa choa cha mapajani, hupakwa mba zilizoenea chini ya kofia, na hupakwa baina ya vidole vya miguu vilivyolowa ndani ya buti kwa siku tatu mfululizo. Ukimwuliza mwenye chupa kwa nini hakwenda zahanati, atakujibu kwamba asali haijapata kumdhuru mtu, tena babu yake aliitumia.

Babu huyo hakukosea kabisa, na ndiyo sababu tumeona vema kuliandika jambo hili kwa kirefu badala ya kulidharau. Matumizi ya asali juu ya ngozi ni ya kale mno. Katika hati ya mafunjo ya Misri inayojulikana kwa jina la Edwin Smith, iliyoandikwa yapata miaka 3,600 iliyopita, waganga waliagizwa kufunga majeraha kwa asali na mafuta. Waislamu nao wanajua kwamba Kurani Tukufu, katika Sura ya Nyuki, imetaja ponyo lililomo katika kinywaji cha wadudu hao.

Wataalamu wa siku hizi wamekwisha kueleza sababu zake. Asali ni sukari kwa kiasi cha asilimia 80 hivi, na maji yake kwa kawaida hayafiki sehemu moja ya tano. Sukari nyingi namna hiyo hunyonya maji kutoka katika kijidudu kinachoigusa, nacho hunyauka. Tena asali ina uchachu, na vijidudu vingi haviustahimili. Zaidi ya hayo, nyuki mwenyewe hutia ndani yake kimeng'enya ambacho, asali ikichanganyika na majimaji ya kidonda, hutengeneza haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo. Nayo ni dawa ile ile ambayo wauguzi wa zamani walikuwa wakioshea vidonda mpaka povu likatoka. Asali ya maua ya mmanuka, mti wa New Zealand, ina kitu kingine cha kuua vijidudu juu ya hivyo, na ndiyo maana huuzwa kwa bei ya kutisha.

Hata hivyo, kujua kwamba kitu kina nguvu ndani ya kichupa cha maabara ni jambo moja, na kujua kwamba kitamponya koplo mwenye mba ni jambo jingine. La pili halijulikani ila kwa kupima, na juu ya kupima ndiko tunakotaka kusemea leo.

Mwaka 2001 daktari Noori Al-Waili, aliyekuwa akifanya kazi Dubai, alitangaza matokeo ya jaribio ambalo askari yeyote avaaye kofia kutwa angependa kulisikia. Aliwachukua wagonjwa 30 wenye ugonjwa sugu wa ngozi uitwao seborea, ambao ni ndugu mkubwa wa mba: ngozi ya kichwa, uso na kifua huota magamba, huwasha, huwa nyekundu, na nywele huweza kunyonyoka. Walipakwa asali mbichi iliyozimuliwa kwa maji ya uvuguvugu, sehemu tisa asali na sehemu moja maji, kila baada ya siku moja. Walisuguliwa polepole kwa dakika mbili au tatu, kisha asali ikaachwa muda wa saa tatu kabla ya kuoshwa. Haikupita wiki moja mwasho ukakoma na magamba yakatoweka. Wiki mbili zilipotimia, vidonda vilikuwa vimepona. Baada ya matibabu hayo ya mwezi mmoja daktari aliwagawa watu wake mafungu mawili. Watu 15 waliendelea kupaka mara moja kwa wiki kwa miezi sita, wala hakuna hata mmoja aliyerudiwa na ugonjwa. Wengine 15 waliacha kupaka, na 12 kati yao wakarudiwa katika muda wa miezi miwili hadi minne.

Habari hiyo inapendeza, na sisi hatuna nia ya kuibeza. Lakini askari anayeijua kazi yake ataona upungufu wake mara moja. Bunduki haihukumiwi kwa kupigwa mahali pasipo shabaha. Katika sehemu ya kwanza ya jaribio lile wote 30 walipakwa asali. Hakuna waliopakwa kitu kingine ili walinganishwe nao. Je, wangalisuguliwa kwa maji ya uvuguvugu peke yake, na kuachwa saa tatu wakitulia, magamba yasingalipungua? Ugonjwa huu, tena, una tabia ya kuja na kuondoka wenyewe. Na mgonjwa anayejua kwamba anapakwa dawa ya Mtume na ya babu zake ana moyo wa kupona, naye akiulizwa kama anajikuna hujibu kwa moyo huo. Sehemu ya pili, ile ya mafungu mawili, ina nguvu zaidi; lakini watu 15 kila upande ni wachache, hawatoshi hata kujaza lori la kijeshi.

Daktari huyo huyo alijaribu baadaye mchanganyiko wa asali, mafuta ya zeituni na nta kwa watu 37 wenye maradhi ya kuvu, yaani choa cha mwilini, choa cha mapajani na mabaka ya ngozi. Wengi wao walipata nafuu. Nalo lilikuwa jaribio la wazi, lisilokuwa na kundi la kulinganishia.

Sasa tutazame namna ambavyo wengine walipima. Huko New Zealand, ambako asali ni biashara kubwa na kwa hiyo yapo maslahi ya kutaka ionekane njema, madaktari walitwaa asali ya mti wa kanuka iliyosafishwa kwa matumizi ya hospitali, wakaichanganya na gliserini, wakaijaribu kwa magonjwa mbalimbali ya ngozi, moja baada ya jingine. Waligawa wagonjwa kwa nasibu, kama mtu anayepiga kura, ili daktari asiweze kumchagulia asali yule anayemwona kuwa karibu kupona. Na kwa kuwa asali haifichiki kwa harufu wala kwa kunata, walihakikisha kwamba mtu anayekagua ngozi mwishoni hajui nani alipaka nini.

Kwanza ulikuja ugonjwa wa uso uitwao rosasea, unaowafanya watu, hasa wenye ngozi nyeupe, kuwa na uso mwekundu na vipele. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Kati ya watu 137, waliopaka asali mara mbili kwa siku kwa wiki nane walipata nafuu kubwa kwa kiasi cha asilimia 34. Waliopaka krimu ya kawaida isiyo na dawa walipata nafuu hiyo kwa asilimia 17. Tazama hapo faida ya kulinganisha: watu 17 katika kila 100 walipata nafuu bila ya dawa yoyote, na kama kundi lile la pili lisingalikuwapo, nafuu yao yote ingaliandikwa katika hesabu ya asali. Lakini hata baada ya kuwaondoa hao, asali ilibaki na ushindi wake wa haki.

Kisha zikaja chunusi, mwaka 2016, kwa watu 136. Wote walitumia sabuni ya kuua vijidudu, na nusu yao wakaongezewa asali. Baada ya wiki 12, waliopata nafuu kubwa walikuwa wanne kati ya 53 upande wa asali, na mmoja kati ya 53 upande wa sabuni tupu. Hiyo si tofauti ambayo mtu mwenye akili angeitegemea. Mwaka 2019 yakatangazwa matokeo ya jaribio kubwa la vidonda vya mdomoni vinavyoletwa na virusi, ambavyo hapa kwetu humtokea mtu baada ya homa. Watu 952 walishiriki. Waliopaka dawa ya asikilovia walipona kwa siku nane, na waliopaka asali kwa siku tisa. Wataalamu wakasema hakuna tofauti ya kuhesabika. Mtu aliye mbali na duka la dawa anaweza kulifurahia jibu hilo.

Kwa upande wa majeraha yenyewe, mapitio makubwa ya mwaka 2015 yaliyokusanya majaribio 26 yalionyesha kwamba majeraha ya moto yasiyo ya kina kirefu hupona upesi zaidi kwa asali, kwa siku nne au tano, kuliko kwa baadhi ya vifungio vya kawaida. Lakini vidonda sugu vya miguu, vile vya watu wenye ugonjwa wa mishipa, havikufaidika: katika jaribio la watu 368 lililotangazwa mwaka 2008, waliotumia asali hawakupona zaidi kwa kiasi cha kutegemewa, na walilalamika zaidi, hasa kwa maumivu.

Ipo habari moja tena, nayo ndiyo inayotuhusu zaidi sisi tunaowaandikia watu wa kulala porini. Kuna ugonjwa wa ngozi unaoletwa na kimelea kiitwacho leishmania, ambacho huenezwa na inzi mdogo sana wa mchangani. Askari wa Kimarekani waliopelekwa Iraq kuanzia mwaka 2003 waliupata kwa mamia; na katika nchi zetu hizi unapatikana Ethiopia, na Kenya hata katika miteremko ya Mlima Elgon. Huko Isfahan, nchini Iran, madaktari waliwagawa wagonjwa 100 wa ugonjwa huo makundi mawili. Wote walichomwa sindano ya dawa iliyozoeleka ndani ya kidonda mara moja kwa wiki, na nusu yao, zaidi ya sindano hiyo, wakapakwa asali mara mbili kwa siku. Mwaka 2007 matokeo yakatoka. Kati ya watu 45 waliomaliza matibabu ya sindano peke yake, walipona 32. Kati ya watu 45 waliomaliza matibabu ya sindano pamoja na asali, walipona 23.

Tusome tena hesabu hiyo. Asali haikukosa kusaidia tu. Walioongezewa asali walipona kwa uchache kuliko wasioongezewa. Jibu lile la askari wetu, kwamba asali haijapata kumdhuru mtu, halisimami mbele ya hesabu ya Isfahan. Wala madaktari wale wasingalilijua hilo kama wangalimpaka kila mtu asali na kuwahesabu waliopona, maana watu 23 kati ya 45 ni wengi wa kutosha kumfanya mtu aandike barua ya kushukuru nyuki.

Ipo pia hatari nyingine ya chupa ile ya chini ya kitanda, ambayo haitokani na asali bali na kuchelewa. Askari wengi wanapajua Nakasongola. Huko, katika eneo la Buruli, katika miaka ya 1960 madaktari waliona watu wengi wenye donda la ajabu, ambalo dunia nzima leo inaliita kwa jina la mahali hapo. Donda la Buruli huanza kama kivimbe kisichouma. Kwa kuwa hakiumi, mtu hukisahau, au hukipaka chochote kilicho karibu. Na huku nyuma kijidudu kinakula ngozi na nyama chini kwa chini hata mkono au mguu ukapinda. Tiba yake ni vidonge vya antibiotiki vya namna mbili kwa wiki nane. Siku hizi ugonjwa huo ni wa nadra hapa kwetu, lakini kivimbe kisichouma bado kinastahili jicho la daktari kabla ya kijiko cha asali.

Na mba nazo zina maneno yao. Kwa watu walio wengi mba ni mba tu, kazi ya kuvu wadogo wanaoishi juu ya ngozi ya kila mwanadamu. Lakini ile seborea kali, inayoshuka mpaka usoni na kifuani na isiyosikia dawa, huwapata zaidi watu wenye virusi vya UKIMWI, na huweza kuwa dalili ya kwanza mtu kuiona. Mwaka 1986 Rais Fidel Castro wa Cuba alimweleza Rais Museveni kwamba kati ya maofisa 60 wa Uganda waliopelekwa huko kwa mafunzo, 18 walikutwa na virusi hivyo. Hawakuwa wamelala kitandani. Walikuwa wakikimbia na kupiga kwata kama wenzao. Siku hizi vidonge vipo, na anayevianza mapema huishi na kufanya kazi yake. Sajini anayeficha uso wake kwa asali miezi sita asije akaulizwa maswali zahanati anajinyima miezi hiyo sita.

Je, tunasema asali iachwe? La. Tunasema ipimwe, tena ipimwe hapa. Mizinga tunayo, na watu wanaoijua kazi ya nyuki tunao, kuanzia West Nile hadi Kasese. (Lugha yetu ya Kiswahili ina mzaha wake: neno moja, mzinga, ni nyumba ya nyuki na ni silaha ya kuvunjia ngome, na mwanajeshi aliyepata kusimama karibu na vyote viwili ataona kwamba walioliunda hawakukosea.) Ipo taasisi ya serikali ya utafiti wa dawa za asili pale Wandegeya, Kampala. Zipo idara za tiba za jeshi na za polisi. Na wapo askari, ambao wanakula chakula kimoja, wanavaa buti za aina moja, na majina yao yako katika orodha kila asubuhi, hivyo kwamba mtafiti hatapotelewa na mgonjwa wake katikati ya wiki ya tatu.

Jaribio lenyewe si la gharama kubwa. Watwaliwe askari mia mbili wenye mba, wagawanywe kwa nasibu. Nusu wapake asali iliyozimuliwa kama ilivyofanyika Dubai. Nusu wapake maji ya sukari yaliyokolezwa na kutiwa rangi, yanayonata vile vile. Au, kama yaonekana si haki kumpa mgonjwa sukari tupu, basi wapewe dawa ya kuvu inayotumika sasa. Mkaguzi asiye wa kambi ile aje baada ya wiki nne, atazame vichwa bila ya kuambiwa habari zao. Ikiwa asali itashinda, kituo cha mpakani ambako dawa huchelewa kufika kitakuwa kimepata msaada unaotoka kijiji cha jirani. Ikiwa itashindwa, tutakuwa tumejua, na askari ataokoa fedha zake na muda wake.

Lakini hapa hatuna budi kusema jambo ambalo si la asali wala la nyuki. Askari amefundishwa kutii, na hiyo ndiyo fadhila yake. Lakini fadhila hiyo ndiyo inayomfanya awe rahisi kutumiwa. Mwezi wa Mei mwaka 1953, katika kituo cha utafiti cha Porton Down huko Uingereza, kijana wa jeshi la anga aitwaye Ronald Maddison, mwenye umri wa miaka 20, alidondoshewa matone ya kimiminiko juu ya kitambaa kilichofungwa mkononi mwake. Kimiminiko kile kilikuwa sarini, sumu ya vita. Alikufa siku ile ile. Wenzake waliopita katika majaribio ya kituo kile walisimulia kwamba waliambiwa wanasaidia kutafuta dawa ya mafua. Ilikuwa mwaka 2004, baada ya miaka 51, ndipo baraza la uchunguzi wa vifo lilipotamka kwamba aliuawa kinyume cha sheria.

Asali si sarini, na hakuna anayeweza kuvilinganisha. Lakini mlango ni ule ule mmoja, na unafaa kulindwa hata mzigo unapokuwa mwepesi. Utafiti wowote juu ya binadamu nchini Uganda sharti upitie kamati ya maadili na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Kwa askari sisi tungeongeza haya: afande wake asiwepo chumbani anapoulizwa kama anakubali, jina la aliyekataa lisipelekwe kwa mkuu wa kikosi, na anayetaka kujitoa katikati ajitoe bila ya kuandika barua ya kujieleza. Koplo anayesema "ndiyo, afande" hajasema kwamba amekubali.

Mpaka siku hiyo ifike, mwenye chupa afanyeje? Ajue kwanza kwamba asali ya hospitali na asali ya barabarani si kitu kimoja. Ile ya hospitali huchujwa na kupigwa mionzi ya gamma ili kuua mbegu za vijidudu, kwa sababu kuichemsha kunaharibu kile kimeng'enya chake. Ile ya barabarani yaweza kuwa na majivu, vipande vya makinda ya nyuki, au sukari iliyopikwa. Wala jaribio lile la kuchovya njiti ya kibiriti na kuiwasha halithibitishi kitu. Isipakwe kidonda kirefu, wala kidonda cha mwenye kisukari, wala kivimbe asichokijua. Mkono ulioungua utiwe kwanza chini ya maji baridi yanayotiririka, dakika 20 kamili kwa saa. Choa kikipita wiki mbili, na mba zikishuka usoni, aende akapange foleni ya wagonjwa asubuhi pamoja na wengine, na chupa yake aichukue mkononi amwonyeshe mhudumu bila ya kuona haya. Mhudumu naye asimcheke, maana yawezekana kabisa kwamba anayo yake nyumbani.